Malazi si makazi, wala hoteli si kitanda

Mhariri,

Matangazo ya semina zinazofanyika hapa Nairobi huwaahidi washiriki "makazi". Makazi ni pa kuishi: nyumba, mtaa, majirani. Mshiriki wa siku tatu anahitaji malazi, yaani pa kulala pamoja na vya kulalia: kitanda, godoro, shuka, blanketi.

Si kubishania herufi. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliwang'oa watu Mathare na Mukuru. Waliolala madarasani walipata malazi. Makazi yao yalikuwa yamekwenda na maji. Ukiandika kwamba waathiriwa "wamepewa makazi", msomaji anaelewa kwamba shida imekwisha.

Halafu neno hili halina umoja, na upatanisho wake ni wa ya-: malazi haya yametayarishwa. "Malazi hizi zimelipiwa" ni kosa, hata likitoka kwa mfawidhi wa shughuli.

Hoteli nayo ina mitego yake. Kibao cha hoteli mitaa ya River Road aghalabu kinakuitia chai, chapati na maharagwe, basi. Penye kitanda huitwa lojingi, na mgeni wa kutoka Tanga atakuwa anaulizia gesti. Kwa hiyo barua ya mwaliko iseme "hoteli ya kulala", au itaje malazi moja kwa moja.

Kinacholeta ugomvi zaidi na wahasibu ni "malazi ya siku tatu". Mkutano wa siku tatu ni kulala mara mbili kwa anayewasili asubuhi ya kwanza na kuondoka jioni ya mwisho. Aliyetangulia jioni ya kuamkia mkutano analala mara tatu. Andikeni tarehe za kulala zenyewe, kwa mfano "kulala: Jumatano na Alhamisi, kuachia chumba: Ijumaa saa nne asubuhi", kisha mseme kama kiamshakinywa kimo. Chakula cha jioni hakimo mpaka kitajwe.

Fomu za usajili pia zina nafasi moja tu, "Unakaa wapi?", na mtu wa Kakamega anajaza Kakamega ilhali mwenye basi la kuwachukua wageni anataka kujua yuko Ngara au South B. Watu wa pwani humuuliza mgeni, "Umefikia wapi?" Hapo mgeni hataji kwao, hutaja alipotua mizigo. Wekeni nafasi mbili: "Makazi" na "Ulipofikia".

Wasahihishaji wa Kiswahili,
Nairobi