Ushauri wa dakika mbili si matibabu ya kisukari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo kurasa za afya hulitaja kwa haraka mno, nalo ni agizo kwamba mwenye kisukari cha aina ya pili abadili mtindo wake wa maisha. Agizo lenyewe silipingi. Ninachopinga ni mazoea ya kuita programu karatasi moja yenye orodha ya vyakula anayokabidhiwa mgonjwa akiwa tayari amesimama kutoka, pamoja na maneno “punguza uzito, fanya mazoezi”, kisha miezi mitatu baadaye, sukari ikiwa haijashuka, anaambiwa kuwa hafuati masharti. Huko ni sawa na kumwandikia mtu dawa bila kumtajia dozi.

Tafiti zilizotupa imani hii hazikufanywa hivyo. Katika utafiti mkubwa wa kuzuia kisukari uliochapishwa Marekani mwaka 2002, ukiwa na washiriki zaidi ya 3,200 ambao sukari yao ilikuwa juu ya kawaida lakini haijafikia kiwango cha kisukari, kundi lililosaidiwa kubadili maisha lilipunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 58, ilhali waliopewa metformini, dawa ya kushusha sukari, walipunguza kwa asilimia 31. Tarakimu hizo hunukuliwa sana. Kisichonukuliwa ni kwamba kila mshiriki wa kundi la kwanza alikuwa na mshauri wake, alipitia mtaala wa vipindi 16, na aliwekewa malengo yanayopimika, yaani kupunguza asilimia 7 ya uzito wa mwili na kufanya mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa kasi, dakika 150 kwa wiki. Vipindi hivyo vilipokwisha hakuachwa peke yake, bali aliendelea kufuatiliwa.

Kwa wale ambao tayari wana ugonjwa, utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwishoni mwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba karibu nusu ya waliopewa programu nzito ya kupunguza uzito, asilimia 46, walikuwa na sukari iliyo chini ya kiwango cha kisukari bila dawa baada ya mwaka mmoja. Habari hiyo ilienea kama muujiza. Lakini washiriki walikuwa wamegunduliwa kuwa na kisukari ndani ya miaka sita tu iliyotangulia, hawakuwa wakitumia insulini, waliishi kwa takribani kalori 850 kwa siku kwa muda wa miezi mitatu hadi mitano, kisha wakarudishwa hatua kwa hatua kwenye chakula cha kawaida chini ya uangalizi. Mwaka wa pili asilimia hiyo ilishuka hadi 36. Hata hivyo bado ni matokeo makubwa, na kushuka huko kunaonyesha kwamba kazi ngumu zaidi ni kuuzuia uzito uliopunguzwa usirudi.

Thamani ya mshauri huonekana anapoketi na mgonjwa na kulifungua daftari lake la vipimo. Tuseme kabla ya chakula cha jioni mashine ya kupima sukari ilisoma 7 (milimoli kwa lita), na saa mbili baada ya kula ikasoma 13. Mshauri mzuri hahubiri. Anauliza sahani ilikuwa na nini. Wanakubaliana kwamba kesho yake wanga uchukue robo ya sahani na mboga nusu, na kwamba akimaliza kula atembee robo saa kabla ya kuketi, kisha apime kwa saa ileile. Ikisoma 10, mgonjwa amejionea mwenyewe kwamba msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini inapodorora. Ikibaki 13, wanarudi kwenye daftari, na mara nyingi hugundua kwamba chanzo ni kinywaji, ambacho wengi wetu hatukihesabu kama chakula.

Liko pia suala la usalama, na hapa ndipo programu za mitaani zinaponitia hofu. Anayetumia insulini, au vidonge vinavyolisukuma kongosho litoe insulini zaidi, akipunguza chakula na kuongeza mazoezi huku dozi ikibaki vilevile, sukari yake inaweza kushuka chini ya 3.9, akatetemeka, akatoka jasho, hata kupoteza fahamu. Kwa hiyo mwenye mamlaka ya kurekebisha dawa lazima awe ndani ya programu tangu siku ya kwanza. Na mwenye kisukari cha aina ya kwanza asidanganywe na yeyote kwamba ipo lishe itakayomwezesha kuacha insulini.

Wala tusiahidi kupita kiasi. Utafiti mwingine wa Marekani, wenye wagonjwa zaidi ya 5,000, ulisimamishwa mwaka 2012 baada ya kuonekana kwamba programu ya lishe na mazoezi, ingawa iliboresha uzito na sukari, haikupunguza mshtuko wa moyo na kiharusi kuliko elimu ya kawaida. Dawa za shinikizo la damu na za lehemu zina nafasi yake palepale.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba kabla gazeti halijachapisha habari au tangazo la programu yoyote ya namna hii, mwandishi aulize kuna vipindi vingapi, nani anamfuatilia mgonjwa vikiisha, nani anarekebisha dawa zake, na matokeo yanapimwa kwa kipimo gani. Anayedai kuonyesha mafanikio kamili kwa HbA1c baada ya wiki tatu aulizwe maswali zaidi, kwa kuwa kipimo hicho hutegemea chembe nyekundu za damu zinazoishi takribani siku 120, na hueleza wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu.

Msomaji wako.