Si kila virusi vya macho ni vya kungojea

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma miaka nenda miaka rudi bila kuwaandikia, ila ile habari ya macho mekundu imenishinda kunyamazia. Mliandika kwamba ugonjwa wa macho wa virusi hauna dawa, mtu anawe na asubiri. Kwa mzima aliyepata adenovirusi, virusi vya kawaida vya macho mekundu, sawa. Kwa anayeishi na VVU na kinga imeshuka, au aliyepandikizwa figo, kusubiri ni kupofuka.

CMV, yaani virusi vya sitomegalo, hula retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, hasa CD4, hesabu ya chembe za kinga katika damu, ikiwa chini ya 50. Jicho haliumi wala haliwi jekundu. Mgonjwa huona vidoa vikielea, vimweko, au kiza upande mmoja. Asikloviri, dawa ya hapesi na mkanda wa jeshi, haisaidii hapo. Mgonjwa hupewa vidonge vya valgansikloviri miligramu 900 mara mbili kwa siku, pamoja na chakula, wiki 2 hadi 3, kisha 900 mara moja kwa siku mpaka ARV zipandishe CD4 kupita 100 na ikae huko miezi 3 hadi 6. Damu ipimwe mara kwa mara, maana dawa hii hushusha chembe nyeupe, na figo zikiwa dhaifu kipimo hupunguzwa. Kidonda cha CMV kikikaribia katikati ya retina, gansikloviri hudungwa ndani ya jicho, na vidonge haviachwi: sindano hailindi jicho la pili.

Mkanda wa jeshi nao ukishuka kwenye paji la uso hadi ncha ya pua, mgonjwa hupewa asikloviri miligramu 800 mara 5 kwa siku, siku 7 hadi 10, ianze ndani ya saa 72 tangu upele utokee. Mgonjwa wa Kizingitini, kisiwani Pate, saa hizo zamwishia akingoja boti.

Juzi hapa Amu mama mmoja, kadi ya kliniki ya ARV mkononi, kauziwa dukani matone ya deksamethasoni, dawa ya steroidi. Jicho likapoa siku mbili, kwani steroidi huficha uvimbe huku virusi vya hapesi vikitambaa kwenye konea, kioo cha mbele ya jicho. Sasa pana ukungu. Hakutiwa hata rangi ya fluoresini kidonda kionekane, wala hakupewa mafuta ya asikloviri ya asilimia 3. Nazo kambi za macho zikija ni miwani, mtoto wa jicho na picha na waheshimiwa; retina hakuna anayeiangalia.

Basi kila kliniki ya ARV iwe na chupa ya tropikamidi, matone ya kupanua mboni, na mwenye CD4 chini ya 100 apanuliwe mboni na kutazamwa siku hiyo hiyo. Matone ya steroidi yafungiwe kabatini, ufunguo apewe anayeweza kueleza konea ni nini. Asipopatikana, kabati lisifunguliwe.

Msomaji,
Langoni, Lamu