Krimu moja kwa vipele vyote?

Ndugu Mhariri,

Mama anaingia duka la dawa na mtoto anayejikuna, wiki ile ile aliyokuwa na homa. Muuzaji anautazama mkono wa mtoto, anatoa tyubu ya krimu yenye steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho wa ngozi, na chupa ya dawa ya mzio, basi. Homa ilianza lini? Imeshuka au bado? Mtoto amekwishapewa dawa gani? Hayo hayaulizwi. Mimi nimefanya uuguzi hapa Pemba mpaka nikastaafu, na nasema bila ya maswali hayo, krimu ile ni bahati nasibu.

Mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 2 akichemka siku tatu hadi tano, kisha homa ikakatika ghafla na ndipo vipele vidogo vikamtoka kifuani na mgongoni, mara nyingi hiyo ni roseola. Kwa kawaida haiwashi, na huondoka yenyewe kwa siku chache. Krimu iliyopakwa siku hizo hupata sifa isiyokuwa yake.

Shurua haiko hivyo. Vipele hutoka homa ikiwa bado kali, huanzia usoni na nyuma ya masikio, na kabla yake mtoto alikuwa na kikohozi, kamasi na macho mekundu. Huyo ni wa kupelekwa kituoni siku hiyo hiyo, na kadi yake ichukuliwe: chanjo ni miezi 9 na miezi 18. Ya pili ndiyo tunayoipitiliza, kwa kuwa mtoto keshaanza kukimbia na kliniki tumeshaiaga.

Inayowasha hasa ni tetekuwanga. Vipele hujaa maji, hivi vikikauka vyengine vinaibuka. Mkate kucha, mkoshe kwa maji, mpake kalamini. Krimu ya steroidi hapo si mahala pake. Aspirini asipewe kabisa, kwani inaweza kumletea maradhi mabaya ya ini na ubongo. Asiende skuli wala chuo cha Kurani mpaka vyote vimeshika magamba. Na liwa ya bibi? Sina ugomvi nayo, madhali haipakwi juu ya malengelenge yaliyopasuka.

Linalonitia hofu zaidi ni dengi, homa ya virusi inayoenezwa na mbu. Malaria imepungua sana Unguja na Pemba, kwa hiyo kipimo kikionesha hakuna malaria na homa ikashuka, nyumba nzima hushusha pumzi. Kumbe dengi huweza kutoa vipele vya kuwasha wakati homa inashuka, na hatari yake huanza papo hapo: tumbo linauma sana, anatapika mfululizo, fizi au pua zinatoka damu, mtoto amelegea. Akiwa hivyo asisubiri asubuhi. Na mtoto anayeshukiwa kuwa na dengi, dawa yake ya homa iwe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake. Ibuprofeni na diklofenaki ziachwe.

Tena wakati mwengine dawa yenyewe ndiyo iliyoleta vipele. Amoksilini iliyoanzwa kwa ajili ya homa inaweza kumtoa mtoto vipele siku kadhaa baadaye, naye akaongezewa dawa juu ya dawa.

Ombi langu kwa Wizara ya Afya Zanzibar ni picha. Zile zinazozunguka kwenye simu nyingi ni za watoto wa Kizungu, na maelezo yake yote ni "wekundu". Kwa mtoto mweusi wekundu ule unaweza usionekane. Inabidi umpapase kwa mkono, utazame viganja, nyayo na ndani ya kinywa. Tuchapishiwe picha za ngozi kama zetu, na chini yake maswali matatu niliyoyataja, zibandikwe vituoni na kwenye kila duka la dawa. Gazeti lako likiweza kuanza na ukurasa mmoja, mimi mwenyewe nitauzungusha kwa wauza dawa wa hapa mjini.

Muuguzi mstaafu,
Wete, Pemba