Funmilayo Ransome-Kuti si mama wa Fela tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Kila Funmilayo Ransome-Kuti wa Nigeria anapotajwa katika magazeti yetu, tunaambiwa mambo mawili: alimzaa mwanamuziki Fela Kuti, na aliendesha gari zamani zile wanawake hawaendeshi. Mimi nafundisha kisomo cha watu wazima, wanafunzi wangu wengi ni akina mama wa sokoni, na inaniuma habari yenyewe ikiachwa.

Habari yenyewe inaanzia kwenye kodi. Abeokuta, mji wa kusini magharibi mwa Nigeria, enzi za ukoloni wa Waingereza, mwanamke alitozwa kodi yake peke yake, mbali na ya mumewe. Msichana alianza kulipa akiwa na miaka 15, mvulana 16. Watoza kodi waliingia majumbani, na kuna mabinti waliovuliwa nguo ili wakadiriwe umri kwa macho. Mwanamke huyo huyo hakuwa na kura, wala hakuwa na msemaji katika baraza.

Funmilayo alikuwa mwalimu, mke wa mwalimu mkuu, amesoma Uingereza. Klabu yake ya mwanzo ilikuwa ya akina mama wasomi. Mambo yaligeuka miaka ya 1940, walipoanza kuwafundisha wachuuzi kusoma. Mtu mzima akishakaa nawe anahangaika na herufi, atakueleza na mengine yanayomsibu. Hilo nalijua kwa kazi yangu. Wale walieleza mchele wao ulivyochukuliwa na maofisa, na kodi isiyolipika. Mwaka 1946 klabu ikageuka Umoja wa Wanawake wa Abeokuta, wasomi na wachuuzi pamoja. Funmilayo akaacha magauni ya Kizungu, akavaa nguo za Wayoruba, watu wa kwao, kama wenzake, na mbele ya maofisa wa Kiingereza alisema lugha yao ya Kiyoruba. Wao ndio watafute mkalimani!

Mwishoni mwa 1947 wanawake wapatao 10,000 walikusanyika nje ya kasri ya Alake, mtawala ambaye Waingereza walimtumia kukusanya kodi. Wakinyimwa kibali cha kuandamana, walisema wanakwenda pikniki. Funmilayo aliwafunza hata namna ya kukabili mabomu ya machozi. Kodi ya wanawake ilisitishwa, na Januari 1949 Alake akaachia kiti. Alirudishwa baadaye, mwaka 1950, lakini wanawake walikwisha kuonekana.

Mwaka huo wa 1949 alianzisha Umoja wa Wanawake wa Nigeria, kura ikiwa dai la mbele. Kura yenyewe ilikuja vipande vipande. Wanawake wa kaskazini waliruhusiwa mwaka 1976. Yeye aligombea, hakushinda, na mwaka 1959 chama chake cha NCNC kikamnyima nafasi ya kugombea. Februari 1977 wanajeshi walivamia nyumba ya Fela mjini Lagos wakamtupa mama huyu dirishani. Alifariki Aprili 1978, mwaka mmoja kabla ya wanawake wa kaskazini kupiga kura katika uchaguzi wa 1979.

Nilipowasimulia wanafunzi wangu, hakuna aliyeuliza juu ya gari. Mmoja, muuza dagaa, aliuliza hao 10,000 siku ile waliacha biashara zao kwa nani. Mwandishi wako akimwandika tena mama huyu, naomba aanzie kwenye swali hilo.

Mwalimu wa kisomo