Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Diwani: siku ya sumu, gari la matangazo lilikuwa wapi?

Mheshimiwa Diwani,

Salamu kwanza. Najua barua kama hii ilipaswa kupitia kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha kwa Mtendaji, ndipo ikufikie wewe. Nimepita huko kote. Kwa mwenyekiti niliambiwa suala hili ni la kata. Kwa Mtendaji niliambiwa niache namba ya simu. Niliiacha Jumanne. Leo ni Jumanne ya tatu.

Huenda umenisahau. Mimi ni yule mama wa bustani ya kando ya mtaro ambaye ulikula kwake wakati wa kampeni. Ulikula ugali kwa mchicha na mnafu, ukaongezwa, ukawaambia vijana wako, "Huu hauna dawa, unausikia mdomoni." Kisha ukasimama mbele ya watu ukaahidi kwamba tukikupa kura, bustani zisizotumia sumu zitalindwa. Kura tulikupa.

Sasa nikueleze yaliyotokea. Ilisemekana kuna mgeni mkubwa atapita barabara yetu, hivyo majani ya kando ya mtaro yaondoke. Wakaja vijana wanne saa mbili asubuhi, mabomba mgongoni, kandambili miguuni, puani hata kitambaa hawana. Wakapuliza mtaro wote, wakapuliza na uzio wangu wa alizeti mwitu, na upepo wote ulikuwa unakuja kwangu. Nilipouliza ni dawa gani, mmoja akanionyesha chupa ya maji ya kunywa ya lita moja na nusu, haina nembo, ndani kuna kitu cheupe kama maziwa. "Ya majani, mama. Tumechanganya na ya mbu, tumeambiwa tumalize yote mara moja." Sikuwalaumu sana, wametumwa.

Mgeni mwenyewe hakupita. Aliishia mjini.

Nilikuwa na mizinga 4 ya nyuki wadogo, hawa wasiouma, kwenye magogo niliyoyaning'iniza chini ya paa. Mlangoni hujenga kijimrija cha nta, na wajukuu wangu huwa wanakaa hapo chini kuwahesabu wanaoingia. Kufika saa sita mchana nyuki walikuwa wamejaa chini, wengine wanazunguka kwa migongo, wengine wametulia kama ufuta uliomwagika. Nilifagia. Walijaa kifuniko cha ndoo.

Nadhani ni ile ya mbu iliyowaua, kwa sababu nyuki hunywa maji ya mtaroni, na harufu ile naijua: zamani tulipulizia nyanya dawa yenye harufu hiyohiyo tulipokuwa tunapambana na kantangaze, yule mdudu wa nyanya. Inawezekana nakosea. Chupa isiyo na nembo huwezi kuiuliza. Nchi hii ina sheria ya afya ya mimea ya mwaka 2020, ina mamlaka nzima, TPHPA, ya kusimamia viuatilifu, halafu kwetu sumu inatembea kwenye chupa ya maji ya kunywa, na chupa ile ile ikabaki mtaroni ambako watoto huokota chupa za kuuza.

Baada ya siku tatu matuta 6 kati ya 11 yalikuwa yamegeuka njano.

Mheshimiwa, bustani hii sikuitoa kitabuni. Nimekulia Marangu kwenye kihamba cha bibi: migomba imefunika kahawa, magimbi chini yake, maji ya mfongo, mfereji wetu wa asili, yanapita, ndege hawaishi kelele. Baadaye FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, wakakitambua kihamba cha Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Bibi angecheka, kwake kilikuwa chakula tu. Hapa mjini nafanya kidogo cha alichonifundisha. Mboji natengeneza kwa samadi na majani ya alizeti mwitu. Vidukari nawapulizia maji ya mwarobaini. Kuna vinyonga wawili kwenye mpasheni, hakuna mtu anayeruhusiwa kuwagusa. Na kuna bundi kwenye mwembe. Majirani walinitaka niukate mti, eti bundi ni mkosi. Nilikataa, na panya waliokuwa wanafukua mbegu zangu wamepungua. Mkosi wenyewe ulikuja mchana kweupe, na bomba mgongoni.

Kikundi chetu kinauza kwa alama ya Kilimohai, ile ya mazao yasiyotumia sumu, na tunakaguana wenyewe kwa wenyewe. Mimi ndiye niliyewaita wenzangu waje waone. Ningeweza kunyamaza, kung'oa ya njano na kuuza ya kijani. Katibu aliandika daftarini "imesimamishwa", akafunga daftari bila kuniangalia usoni. Mama lishe aliyekuwa anachukua mafungu 40 kila Ijumaa sasa anachukua kwingine. Fungu ni shilingi 500. Piga hesabu mwenyewe, wewe ni mtu wa bajeti.

Gari la matangazo tunalo. Lilipita mara tatu kutangaza mchango wa madawati. Lilipita kutangaza chanjo ya mbwa, likapita kutangaza mechi ya vijana wako. Siku ya sumu liliishiwa mafuta?

Naomba mtaro ufyekwe. Miaka yote ulifyekwa kwa fyekeo, na vijana wanaotafuta kibarua wapo tele hapo kijiweni. Kama kufyeka kumeshindikana, basi mtangaze siku tatu kabla, mseme ni dawa gani. Kama na gari nalo limeshindikana, basi hata ujumbe wa simu kwa balozi wa nyumba kumi, atatupitishia sisi wenye bustani.

Maana nimesikia wanarudi kumalizia upande wa pili, siku yenyewe hakuna anayeijua. Mzinga mmoja bado una nyuki wachache. Nikiambiwa siku, nitauziba mlango kwa kitambaa usiku wa kuamkia, na yale matuta 5 yaliyobaki nitayafunika kwa turubai la jirani. Niambieni siku tu, Mheshimiwa.

Namba yangu anayo Mtendaji.

Wako katika ujenzi wa kata,
Mama wa bustani ya mtaroni