Mdogo wangu, irudishe ile sura ya marejesho

Mdogo wangu,

Riwaya yako nimeimaliza jana usiku hapa Tandika. Umeme ulikatika nikiwa katikati, nikaendelea kwa tochi ya simu. Yule binti wa Mbagala namjua, na daladala yake nimeipanda. Lakini sura ya tano, ile ya marejesho ya mkopo wa mama, uliyonisomea mwaka juzi nikalia mbele yako, siioni. Mahali pake umeweka harusi ya Masaki.

Uliniambia kuna mhariri aliyesema wasomaji hawataki habari za madeni, shida wanazo nyumbani kwao. Nakuandikia hadharani kwa sababu najua si wewe peke yako uliyeambiwa hivyo.

Ngoja nikupe habari za Charles Dickens, yule mwandishi wa Uingereza. Februari 1824 baba yake alikamatwa kwa deni la mwokaji mikate, pauni 40 na shilingi 10, akatiwa Marshalsea, gereza la wadaiwa kule London. Mtoto ndiyo kwanza katimiza miaka 12, na kazini alikuwa ameshapelekwa: kufunika vikopo vya rangi ya viatu kwa karatasi, kufunga uzi, kubandika lebo. Ujira wake shilingi 6 au 7 kwa wiki. Vitu vya nyumbani vilikwenda rehani kimoja kimoja, hata vitabu.

Kuna jambo alilolieleza mwenyewe alipokuwa mtu mzima, nami haliniondoki. Hela yake aliigawa vifurushi 6 vilivyo sawa, kila kimoja akakiandika siku yake, Jumatatu mpaka Jumamosi, ili njaa ya Jumanne isile chakula cha Ijumaa. Nikisoma hapo namwona mama na pindo la khanga yake. Fundo la kula, fundo la kijumbe wa mchezo, fundo la marejesho. Ukimwomba hela ya daftari la shule, alikuwa anayapapasa yote kwanza bila kulifungua hata moja, kama daktari anayeshika tumbo la mgonjwa.

Dickens aliona aibu. Mambo ya kile kiwanda hata watoto wake hawakuyajua. Alimweleza rafiki yake John Forster, na watu wakayasoma baada ya yeye kufariki 1870. Ila aibu hiyohiyo aliitia kwenye *David Copperfield*, iliyotoka kwa mafungu ya kila mwezi 1849 hadi 1850. Mle ndani yumo mzee Micawber, anayekimbizana na wadai mpaka anafungwa, naye anampigia mtoto hesabu: mwenye mapato ya pauni 20 kwa mwaka, akizidisha matumizi kwa nusu shilingi tu, kapatikana. Nusu shilingi! Angeandika tu kwamba mzee alikuwa fukara, ningekuwa nimeshamsahau. Wewe na mimi tumewahi kutembea kutoka Mtoni kwa kupungukiwa shilingi mia ya nauli, kwa hiyo hesabu ile tunaielewa bila kufundishwa.

Sasa angalia ulichokitoa. Ni Alhamisi, siku ya marejesho ya ule mkopo wa kausha damu. Mama kajifungia choo cha uani. Wewe una miaka tisa, umesimama mlangoni, umefundishwa useme kaenda msibani Morogoro. Yule dada wa mkopo anakusikiliza mpaka mwisho, halafu anauliza kandambili zilizo nje ya choo ni za nani. Unasema zako. Anaziangalia, anaiangalia miguu yako, anavuta ndoo, anakaa. Mama alitoka saa moja usiku. Wiki iliyofuata walikuja kubeba tivii na mtungi wa gesi, majirani wote wako nje.

Harusi ya Masaki haina kitu kama zile kandambili. Mle ndani hujui hata ukumbi umekodiwa kwa shilingi ngapi, na wewe kwenye sura ya marejesho ulikuwa umetaja kiasi mpaka elfu ya mwisho: 38,000 kwa wiki.

Najua unamwonea mama haya, huo uhariri ni kisingizio. Kwa hiyo Jumapili nilimwendea, nikamwambia wazi kilichomo kwenye ile sura, kandambili na yote. Alinyamaza, akaendelea kuchambua mchele. Baadaye akaniuliza umeandika ilikuwa shilingi ngapi. Nikamwambia.

Akasema umekosea, ilikuwa elfu arobaini na mbili.