Ukurasa wa bei uandike na bei ya kisado

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme neno kuhusu mafunzo ya bajeti ya nyumbani tunayopewa magazetini, redioni na kwenye semina za akina mama. Karibu yote yanaanzia mahali pamoja: andika mapato yako ya mwezi, tenga akiba, kinachobaki kigawe. Yanamfaa mtu ambaye mshahara wake unaingia benki kila mwisho wa mwezi. Mimi ni fundi cherehani hapa Mbagala Kizuiani na mume wangu anaendesha bodaboda ya mkataba. Sisi mapato ya mwezi hatuyajui, tunayajua ya leo. Akirudi usiku anatenga kwanza hesabu ya tajiri, anatoa ya mafuta ya pikipiki, kinachobaki ndiyo kodi ya meza, yaani hela ya chakula, ya kesho. Mimi nalipwa nguo ikikamilika, na wapo wateja wanaochukua gauni leo wakaahidi kumalizia Ijumaa.

Familia za namna hii ni nyingi mno jijini, na ushauri tunaopewa ni kupunguza soda, vocha na nguo za sikukuu. Vingi kati ya hivyo tulishavipunguza zamani. Hela yetu inapotea kwingine: inapotea kwenye kipimo tunachonunulia.

Nianze na mafuta ya kula, maana hayo nimeyapima mwenyewe. Kazi yangu ni kupima, sikati kitambaa cha mtu kwa kukisia, kwa hiyo siku moja nikaamua na mafuta niyapime. Dukani kwetu mafuta ya kupima yanauzwa kwa kikombe kidogo cha shilingi 500. Nilichukua chupa tupu ya lita moja nikaijaza kwa vikombe hivyo, vikaingia kumi na vinne. Lita moja ya kupima, basi, ni shilingi 7,000. Duka hilohilo, chupa ya lita moja iliyofungwa kiwandani ni 5,800. Dumu la lita 20 tulilonunua Tandika mwezi uliopita lilikuwa 95,000, yaani lita moja kwa 4,750. Aliyeweza kutoa 95,000 kwa mkupuo ananunua lita kwa 4,750. Mwenye mia tano ya kukaangia dagaa jioni ananunua lita hiyohiyo kwa 7,000. Hakuna mafunzo ya kuandika matumizi kwenye daftari yatakayoziba tofauti hiyo, kwa sababu daftarini itaonekana mia tano tu, na mia tano haimshtui mtu.

Mkaa ni mbaya zaidi. Kisado kimoja, ile ndoo ndogo ya kupimia, kwetu ni 2,000, na nyumba inayopika chai, ugali na maharage inakimaliza kwa siku. Kwa mwezi ni 60,000. Sasa gunia zima la mkaa, unaposhushwa kwa jumla kutoka njia ya Mkuranga na Rufiji, nalo hapa kwetu ni 60,000, na likipimwa kwa kisado kilekile linatoa visado arobaini na viwili. Mwenye kununua gunia anapika mwezi na siku kumi na mbili kwa hela ileile inayomtosha mwenzake mwezi mmoja tu. Na wote wawili wanamzidi gharama mwenye gesi: mtungi mdogo wa kilo sita tunaujaza kwa 24,000, na kwangu unamaliza wiki tatu kwa chai, wali na mboga. Maharage siyaweki kwenye gesi. Nayaloweka tangu usiku, asubuhi yanaiva kwa mkaa kidogo kabisa.

Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, na lengo ni kwamba ifikapo mwaka 2034 Watanzania asilimia 80 wawe wanaitumia. Naunga mkono kwa moyo wote, kifua changu kinaujua moshi. Lakini nasikia viongozi wakisema wananchi waelimishwe faida za gesi, kana kwamba hatuzijui. Jirani zangu wanajua vizuri kuwa wiki tatu za mkaa ni 42,000 na wiki tatu za gesi ni 24,000. Wanachokosa ni siku moja ambayo 24,000 imekaa mkononi, mtoto haumwi, ada haidaiwi, mwenye nyumba hajagonga kutaka kodi ya miezi sita. Ndiyo maana nilifurahi kusikia kuna mitungi yenye mita, mtu analipia gesi kidogo kidogo kwa simu. Swali langu hapo ni lilelile la mafuta: kwa kulipa hivyo, kilo moja inatoka shilingi ngapi? Liandikwe hilo kwanza, sifa zifuate.

Nisieleweke kwamba kila kitu kinunuliwe kwa jumla. Sukari kwa mfano, robo ni 800 na kilo ni 3,000. Tofauti ya 200 kwa kilo si ya kumfanya mtu akope, na sukari ikikaa nyingi kabatini watoto wanaijua njia. Nyanya za tenga zinaoza. Unga wa dona ni nafuu kuliko sembe na unashibisha, ila haukai, kwa hiyo nanunua wa wiki. Mahindi na maharage ya gunia yanataka mahali pakavu na dawa ya dumuzi, na sisi chumba ni kimoja. Vitu vya kuvipigania ni vile ambavyo haviharibiki na ambavyo kipimo kidogo kinavipandisha sana bei: mafuta, mkaa, sabuni ya mche inayokatwa vipande.

Umeme una habari yake. Kwenye LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, uniti ni bei moja ukinunua wa 2,000 au wa 20,000, lakini mpangaji anaumia kwa njia nyingine. Mteja wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi amewekewa bei nafuu, karibu theluthi moja ya bei ya mteja wa kawaida. Nyumba yetu ina wapangaji watano na mita moja. Kila mmoja ana taa, simu ya kuchaji na redio au televisheni. Peke yake asingefika hata uniti 30. Tukijumlishwa tunavuka 75, na bei nafuu iliyowekwa kwa ajili ya watu kama sisi inatupita. Tena tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa humohumo kwenye LUKU, kwa hiyo atakayenunua wa kwanza mwezi ukianza ndiye anayemlipia mwenye nyumba. Sisi tumewekeana zamu, ili asiumie yuleyule kila mwezi. Wanaopanga bei hizi wangehesabu familia badala ya mita.

Sasa niseme tunachofanya, maana sikuandika kulalamika tu. Uani kwetu tuko wanawake watano. Kila jioni kila mmoja anampa kijumbe wetu 1,000, na anaandika. Kwa siku kumi na tisa tunakuwa na 95,000, dumu linanunuliwa, linagawiwa juu ya mkeka mbele ya wote kwa chupa moja ya lita, kila mtu lita nne. Lita nne hizo kila mmoja amezitolea 19,000. Kwa vikombe vya mia tano angetoa 28,000. Elfu tisa iliyobaki ni zaidi ya theluthi ya mtungi wa gesi. Siku za mwezi zinazosalia tunachangia sabuni, na sasa tumeanza kuzungumzia gunia la mkaa kwa ajili ya masika, mkaa unapoadimika.

Mwenye kutaka kuiga nampa mambo manne yaliyotuweka pamoja bila ugomvi. Anayegawa anachukua wa mwisho. Aliyekosa siku moja analipa kesho yake bila faini, na aliyeshindwa kabisa anagawiwa kwa kadiri ya alichotoa. Msiba na ugonjwa havipangiwi ratiba. Hela hatuziweki kwenye simu, maana makato ya kutoa yanakula sehemu ya faida. La nne ni la kila mtu na jiko lake: dumu usilipikie. Mafuta yangu yako chini ya kitanda, jikoni ipo chupa ya lita moja na hiyo ndiyo ya wiki nzima. Mtu akiona mafuta mengi mkono unakuwa mwepesi, na faida ya kununua pamoja inaishia kwenye sufuria.

Huu si mkopo na wala hauna riba. Nalisema kwa kusudi, kwa sababu mitaa yetu imejaa mikopo ya kausha damu, na nimeona cherehani na makochi ya watu yakibebwa mchana kweupe kwa deni lililoanza kama hela ya kununua mchele wa sikukuu. Kama kuna afisa maendeleo ya jamii anayesoma barua hii, namwomba sana: kabla ya kutufundisha kukopa, tusaidieni tununue pamoja. Kinatakiwa daftari, chupa ya lita na watu wanaoaminiana.

Nina neno pia kwa kina baba, na naomba walipokee kwa wema. Mume wangu analipwa kwa siku, kwa hiyo kodi ya meza yetu ni ya siku, hatuna namna. Lakini ninao rafiki zangu ambao waume zao wana mshahara wa mwezi, na bado kila asubuhi wanaachiwa 5,000 au 10,000 juu ya meza. Kaka zangu, hela mnayo, ila kwa kuikata hivyo mnamfanya mkeo anunue kama mtu asiyekuwa nayo. Mnampeleka kwenye kikombe cha mia tano na kisado cha elfu mbili wakati uwezo wa dumu na gunia upo ndani ya nyumba hiyohiyo. Wengi mnaogopa kwamba hela ya wiki ikitolewa Jumatatu itaisha Jumatano. Kaeni wawili mjaribu mwezi mmoja, anzeni na mafuta na gesi peke yake, mengine yaendelee kama yalivyo. Mtaona wenyewe tarehe ishirini inakuwaje.

Kwa mangi wa dukani sina lawama ya jumla. Yeye ndiye anayetuuzia saa tatu usiku, anatuandika kwenye daftari lake hela isipopatikana, na mtaji wake umekaa kwetu bila riba. Anayeuza kidogo kidogo ana kazi zaidi na lazima apate chake. Ninachokikataa ni kopo lililogongwa kitako likaingia ndani, au kisado kilichopachikwa kipande cha ndoo chini ili mkaa usifike mwisho. Huo ni wizi, na anayeibiwa ni mwenye hela ndogo kuliko wote. Wakala wa Vipimo wanakagua mizani na pampu za mafuta ya magari, na wamepambana na lumbesa, lile gunia linalovikwa kilemba mpaka lipite kilo 100, ili mkulima asipunjwe. Nawashukuru kwa hilo. Huku mwisho wa safari ya gunia hilohilo yupo mama mwenye mia tano, na kopo analopimiwa halina muhuri wa mtu yeyote. Wafike na kwenye magenge.

Kwako Mhariri, ombi langu ni moja na liko ndani ya uwezo wako. Bei za mazao mnazochapisha ni za gunia la kilo 100: mahindi, mchele, maharage. Zinamsaidia mfanyabiashara, na ziendelee. Naomba mara moja kwa wiki muongeze kisanduku kidogo pembeni: mafuta, mkaa, sukari, unga, maharage na sabuni, kila kimoja kwa bei ya jumla, bei ya kilo au lita, na bei ya kipimo kidogo ikigeuzwa kuwa kilo au lita, katika soko la Tandika, Buguruni na hapa Mbagala Rangi Tatu. Msomaji asipige hesabu mwenyewe. Wengi wetu tunalisoma gazeti saluni au kwa fundi viatu, tukiwa na dakika chache. Akiona lita 4,750 upande huu na 7,000 upande ule, jioni yake atakuwa na la kuzungumza na majirani zake. Mwandishi wako akipenda kuanzia huku kwetu, chupa ya lita ninayo, na mizani tutaazima kwa muuza samaki wa jirani.

Naomba kuwasilisha.

Fundi Cherehani,
Mbagala Kizuiani,
Dar es Salaam